Ijumaa za Mwanamwema na Mabingwa wa Jukwaa

Kompyuta ya Mwanamwema ilikuwa na tabia ya kufa siku ya Ijumaa. Jumatatu nzima, Jumanne nzima, Jumatano Vuai anasoma habari zake za mpira, Alkhamisi mtoto wao Zahra anacheza mchezo wa kumvisha paka nguo, na mashine haina neno. Ijumaa ikifika, mama yake Mwanamwema keshakalishwa mbele ya kamera kule Chake Chake, kompyuta inaanza kuvuma kama kibogoyo anayepuliza chai ya moto. Inavuma, inavuma, halafu tap! Kioo cheusi. Mwanamwema anabaki kujitazama mwenyewe kwenye kioo kile, na ushungi mpya aliouvalia wageni.

"Wanasema mashine haina akili," Vuai, mumewe, alikuwa akisema. "Hii inayo. Inamjua mama mkwe wangu na siku yake."

Mwaka ulikuwa 2007, mahali Thamesmead, kusini-mashariki ya London, katika jengo ambalo lifti ikifanya kazi watu hupigiana simu kupeana habari. Mwanamwema alikuwa mwanamke mfupi wa Kipemba, sauti ndogo, adabu kubwa kupita kiasi. Ile adabu ilikuwa maradhi. Akikanyagwa kwenye basi, yeye ndiye anayeomba radhi. Katika nyumba ya wazee alikofanya kazi kulikuwa na bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akimtupia vijiko. Mwanamwema akiviokota, akiviosha, akimrudishia kwa mkono wa kulia na kumuuliza kalalaje. Hata wale wanaopiga simu kuuza madirisha aliwapokea kwa salamu ndefu, mpaka muuzaji anasahau madirisha na kuanza kueleza habari za mgongo wake.

Yeye na Vuai walitoka Pemba mwaka 2001, baada ya vurugu za kisiasa za Januari ile, mimba ya Zahra ikiwa changa hata Vuai hana habari. Wakapita Shimoni, wakapita Mombasa, mwisho wakaangukia London. Uingereza ikawapa hati ya ukimbizi, na hati ile ina uungwana wake: unaweza kwenda nayo Paris, Dubai, hata Japani ukipenda, kokote duniani isipokuwa kwenu.

Basi Zahra akazaliwa, akatambaa, akaanza skuli, akajua Kiingereza cha kumkosoa baba yake, na bibi yake hajapata kumwona ila kwenye picha. Picha zilipelekwa kila Idi. Bi Ummukulthum, ndiye bibi huyo, alizipokea, akazibusu, akazirudisha ndani ya bahasha.

"Picha haijibu," alisema. "Mie nataka nimwone anavyogeuza shingo."

Na haraka ilikuwepo. Bi Ummukulthum alikuwa na presha ya macho. Daktari wa Unguja alimweleza Hafidh, kaka yake Mwanamwema, bila kuzunguka: kilichokwishapotea hakirudi, na kilichobaki kinakwenda. Hakusema lini. Madaktari wa macho hawasemi lini. Hafidh akatafuta intaneti kafe yenye kamera pale mjini Chake, akapatana na mwenyewe, na kila Ijumaa baada ya magharibi akawa anampakia mama nyuma ya vespa, bibi kamshika kiuno, buibui linapepea, wanakwenda kuonana na London. London wakati huo jua bado liko juu na Zahra ametoka skuli. Kila kitu kilipangika isipokuwa kompyuta.

Mwanamwema hakuwa mtu wa kumpokea mama yake hivi hivi. Ijumaa aliomba asipangiwe zamu. Alifagia nyumba nzima, pamoja na vyumba ambavyo kamera haifiki. Alimvisha Zahra gauni la Idi. Aliifunika kompyuta, lile sanduku lake lililokaa chini ya meza, kwa kitambaa cheupe alichofuma mama mwenyewe, kikashuka mbele na nyuma mpaka zuliani. Kisha akatia makaa kwenye chetezo, akachoma udi. Na kwa kuwa nyumba za kule zina darini kengele ya moshi inayolia hata ukiunguza mkate, kengele hiyo kila Ijumaa ilivishwa kofia ya plastiki ya kuogea, ikakaa pale juu imenuna kama bibi harusi aliyelazimishwa.

Ijumaa moja Restuta, Mhaya wa Bukoba aliyefanya naye kazi kwa wazee, alipita kumsalimia. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Shoga! Nyumba yako inanukia Misa ya Pasaka. Nusura nipige goti."

"Karibu ndani, dada. Mama yuko njiani."

"Njiani? Amepata viza?"

"Anakuja kwenye kompyuta."

Restuta akakaa kusubiri, na kwa hiyo akashuhudia mwenyewe. Dirisha dogo likafunguka kwenye kioo. Kitu cheusi kikatokea, kikawa ukingo wa buibui. Sauti ya Hafidh ikasema, "Mama, tazama hapa, hapa kwenye taa." Ule ukingo ukaanza kugeuka, kipande kwa kipande, maana picha ilikuwa ikija kwa kukwamakwama. Kompyuta ikavuma. Tap. Kioo cheusi.

"Every time," Zahra akasema, akavua viatu vya Idi.

Mwanamwema hakulia. Alikunja midomo, akamkaribisha Restuta chai. Restuta ndiye aliyekasirika kwa niaba yake.

"Sikiliza. Kuna jukwaa kwenye intaneti. Watu wanauliza habari za kompyuta, mabingwa wanajibu. Bure."

"Mabingwa wa wapi?"

"Wa kila mahali. Wamejaa. Hawana kazi."

Kesho yake, akishatoka zamu, Mwanamwema aliandika. Barua alifundishwa skuli ya Chake na mwalimu aliyekuwa akichapa kwa salamu iliyokosekana, kwa hiyo aliandika kwa Kiingereza kilichopigwa pasi:

"Waheshimiwa mabwana na mabibi wa jukwaa. Amani iwe kwenu. Natumai maandishi haya yatawakuta wazima wa afya, nyinyi na jamaa zenu wote. Sisi huku Thamesmead hatujambo, isipokuwa mvua. Mtoto ana mafua kidogo lakini anakula. Ama baada ya salamu, kompyuta yangu inakufa kila Ijumaa ninapotaka kuonana na mama yangu, ambaye nuru ya macho inamtoka. Siku nyingine ni nzima. Nifanye nini? Wenu mtiifu, Mwanamwema."

Alikuwa hajamaliza kukoroga chai jibu likaingia.

"Vuai! Njoo! Kuna mtu kajibu!"

"Kasemaje?"

"Kanitukana kidogo. Lakini kajibu!"

Aliyejibu alijiita Pengwini Mkuu. Aliandika: "Mvua umeieleza vizuri. Kompyuta hujaieleza." Chini yake akaja mwingine, Dokta Diski: "Swali hili limejibiwa mara elfu. Tafuta kabla ya kuuliza. Futa kila kitu, anza upya."

Pengwini Mkuu: "Usimsikilize. Huyu ukimpelekea mtoto anayekohoa atakwambia mzike uzae mwingine. Toa Windows, weka Linux."

Dokta Diski: "Na huyu ukimuuliza njia ya sokoni atakwambia uhame mji."

Akajitokeza mtu wa tatu, mwanamke wa Ohio: "Hata mimi ninalo tatizo hili! Umepata jibu?" Akatoweka, hakuonekana tena maisha yake yote.

Mwanamwema alitii, akatafuta kama alivyoambiwa. Akaukuta uzi, ndivyo wenyewe walivyoyaita mazungumzo yao, uzi wa miaka iliyopita, wa mtu mwenye ugonjwa uleule: kompyuta yazimika ghafla, kamera ikiwashwa. Akashuka mpaka mwisho. Yule mtu alikuwa ameandika: "Nimeshaitengeneza, ahsanteni." Basi. Kaitengenezaje, hakusema. Katika maisha yake yote Mwanamwema alikuwa hajawahi kumwombea mtu mabaya, na siku ile pia hakumwombea, lakini alikaa kitambo akifikiria.

Kisha akarudi kwenye uzi wake na kumjibu kila mtu. "Ndugu Pengwini, ahsante sana kwa kunielekeza. Mama yako hajambo? Ndugu Dokta, ahsante kwa muda wako. Watoto hawajambo?"

Pengwini hakujibu habari za mama. Dokta Diski aliandika kwamba hili ni jukwaa la kompyuta, si harusi.

Vuai alisoma nyuma ya bega lake. "Unamsikiliza mtu anayejiita Dokta Diski? Hospitali gani?"

"Hanijui, Vuai. Hajui hata jina langu linatamkwaje. Na kaacha shughuli zake kaniandikia." Aliyasema hayo kwa sauti watu wanayosemea msikitini. Vuai akamtazama, akaona kweli mkewe ameshangaa, ameshangazwa na kitu ambacho dunia nzima imeshakizoea na kukidharau: kwamba unaweza kuuliza swali Thamesmead, na mtu aliyevaa pajama Leeds au Winnipeg akapandwa na hasira kwa ajili yako.

Akafuata ushauri wa Dokta, akafuta kila kitu. Paka wa Zahra akafutika na kabati lake lote la nguo, na mtoto akalia kilio cha msiba. Ijumaa kompyuta ikavuma, tap. Akafuata ushauri wa Pengwini, akaweka Linux, wiki nzima anapambana nayo kama mtu anayefuga ngamia ghorofani. Ijumaa Linux ikakataa kuitambua kamera. Bi Ummukulthum akawa sauti tupu. "Mko wapi? Mbona giza?" aliuliza. Hafidh akamjibu, "Si macho yako mama, ni mashine," na hilo ndilo lililomuumiza Mwanamwema, kwamba sasa mama anahitaji kuambiwa lipi ni giza la nani.

Windows ikarudishwa. Mwingine akashauri modemu. Mwingine akashauri virusi. Mwingine akasema tatizo ni Mwanamwema mwenyewe. Kila shauri lilikula Ijumaa yake.

Halafu Hafidh akapiga simu, siku ya kazi, saa isiyo yake.

"Mama kapungua," alisema. "Sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu ya ufunguo. Pembeni hakuna kitu. Jana tumetoka, kaisimamisha nguzo ya umeme, kaiamkia, kaiuliza watoto hawajambo."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikamjibu. Nifanyeje? Nikasema hawajambo."

Walicheka wote wawili, mmoja Chake mmoja Thamesmead, cheko ambalo lilikatika mahali pabaya. "Ijumaa hii au ijayo, Mwanamwema," Hafidh akasema. "Zaidi ya hapo sikuahidi."

Alichokifanya akishaweka simu chini ni kuandika yote hayo kwenye uzi, hata nguzo. Na mabingwa walichofanya wakishasoma ni kugombana kuliko walivyowahi kugombana. Dokta Diski alimwambia Pengwini Mkuu kwamba mwanamke huyu amepotezewa Ijumaa nzima kwa sababu ya ushabiki wake. Pengwini akamwambia Dokta kwamba yeye ndiye aliyeanza kwa kumfutia kila kitu, na kwamba udaktari wake aliupata kwenye pakiti ya biskuti. Wakafukua ugomvi wa mwaka juzi juu ya kitu fulani cha printa. Watu wengine wakajiunga, kila mmoja na bendera yake, na aliyekuja kuuliza wakamsahau kama mgonjwa aliyeachwa mlangoni wakati wauguzi wanavutana machela. Mwisho msimamizi wa jukwaa akatokea: akisikia neno moja zaidi la matusi, anaufunga uzi huu.

Mwanamwema aliposoma neno "kufunga" aliivuta kibodi. Aliandika hapohapo, na kwa mara ya kwanza hakuanza na salamu.

"Tafadhali msifunge mlango. Ndugu zangu wawili, msigombane kwa ajili yangu. Nyinyi ndio mnaojua. Mkinyamaza nyote wawili sina wa kumuuliza, na mama yangu hatamwona mjukuu wake. Nawaomba radhi kwa usumbufu." Halafu, kwa kuwa adabu ilikuwa haijamtoka, akaongeza: "Ndugu Pengwini, bado hujanijibu kama mama yako hajambo."

Siku ile hakuna aliyeandika. Siku ya pili, akirudi kazini na sare yake ya buluu bado mwilini, akafungua na kukuta Pengwini Mkuu ameandika, tena kwa herufi za mtu aliyekaa vizuri:

"Bibi Mwanamwema, habari za mchana. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Mama hajambo. Ninaishi naye. Miaka mingi nipo kwenye jukwaa hili na wewe ni mtu wa kwanza kumuulizia, kwa hiyo nilimsomea uzi wote, na sasa hanisemeshi. Ameniambia nikome, na nikuulize kama mtu. Nieleze Ijumaa yako yote tangu unapoamka. Usiache kitu. Hata mvua."

Chini yake Dokta Diski: "Kwa mara ya kwanza naafikiana na Pengwini. Watoto wangu hawajambo. Ni wawili. Endelea."

Mwanamwema aliketi akayasoma yale maneno mpaka kioo kikajizima kwa kuchoka kusubiri. Alikuwa na hisia ya mtu aliyebisha hodi kwenye ukuta, na ukuta ukasema karibu. Akaandika Ijumaa yake. Kufagia, gauni, kitambaa cha mama, kinavyoshuka mbele na nyuma ili mama akija akione. "Kisha," akaandika, "natia makaa kwenye chetezo, nachoma udi, nakiweka chini ya meza pembeni ya kompyuta, kwa sababu hapo ndipo mama anapoingilia. Nikiona moshi umekwenda vizuri, nawasha kamera."

Pengwini: "Samahani, chetezo ni nini?"

"Ni chombo cha moto, ndugu."

Dokta Diski: "Moto wa kweli?"

"Ndiyo, makaa. Lakini si mengi."

Pengwini: "Chini ya meza."

"Ndiyo. Nakiegemeza karibu na feni ya kompyuta, maana feni inasaidia kuuvuta moshi."

Ungeweza kusikia jukwaa zima linaweka vikombe chini. Halafu likaripuka. Watu wakatoka kila pembe ya dunia, wengine walikuwa wakisoma kimyakimya muda wote huo, wakaja kucheka, wakaja kupiga makofi, mmoja akaomba ruhusa aitundike habari hii ukutani ofisini kwake. Katikati ya vurumai hiyo Pengwini Mkuu akaandika mstari mmoja: "Asicheke mtu. Niambieni nani kati yenu amewahi kumfukizia mama yake nyumba."

Yule wa ofisini akalifuta ombi lake.

Dokta ndiye aliyeeleza, polepole, kama anayemweleza bibi yake. Moshi wa udi una mafuta. Feni inauvuta ndani, mafuta yananata, vumbi linanata juu ya mafuta, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka hewa haipiti. Juu ya hapo imefunikwa kitambaa kama blanketi. Siku nyingine inastahimili kwa kuwa kazi ni nyepesi. Kamera ni kazi nzito, inapata joto, na ikiona inakaribia kuungua inajizima ili isife. "Haikuchukii," aliandika. "Inajiokoa. Fungua ubavu wake utazame."

Vuai alileta bisibisi. Walikaa wote watatu zuliani, ubavu ukatoka.

Palikuwa na kitu mle ndani mfano wa kiota. Feni ilikuwa imevaa manyoya ya kahawia, ya mafuta, mazito kama sufi iliyochovywa kwenye asali. Mabawa hayaonekani. Nyuma yake vile vyuma vyembamba vya kupitishia hewa vimezibwa vyote, hata sindano haipiti. Na harufu! Ilitoka kwa pamoja, ikapanda, ikajaza sebule: udi wa Ijumaa zote, uliowekwa akiba mle ndani bila mtu kujua. Harufu ya nyumba ya Chake siku ya arusi, harufu ya nguo za mama kabatini.

"Subhanallah," Vuai akasema, naye si mtu wa kukosa neno la kuchekesha.

Mwanamwema alinyoosha kidole akaigusa ile sufi. Chini yake aliona vitu ambavyo hakuwahi kudhani vimo ndani ya sanduku aliloweka chini ya meza: njia za shaba nyembamba kuliko unyoya, zimepangwa kama mitaa ya mji unaotazamwa kutoka kwenye ndege, maelfu, na hakuna uliokosea kona. Hapo ndipo mama alipokuwa akijaribu kupita. Kutoka Chake, juu kwenye setilaiti, chini kwenye waya, mpaka kwenye mji huu mdogo, akakuta milango imezibwa na makaribisho yake mwenyewe.

"It's like a city, Mama," Zahra alinong'ona.

"Ndiyo, mwanangu. Usiguse."

Kusafisha nako kulizua vita. Pengwini alitaka brashi kavu. Dokta alitaka spiriti na pamba. Lakini sasa walikuwa wakigombana namna nyingine. "Ndugu Dokta," Pengwini aliandika, "habari za asubuhi, natumai watoto wamekwenda skuli salama. Kwa heshima zote, wewe ni punguani." Dokta akamjibu: "Ndugu Pengwini, nami nakusalimia, pamoja na mama. Punguani ni yule anayepiga mswaki mafuta." Spiriti ikashinda. Vuai na Mwanamwema walisugua kwa pamba jioni mbili, wakapita kila bawa, kila ufa, mpaka feni ikarudi kuwa nyeusi na chuma kikarudi kung'ara.

Ijumaa ikafika.

"Sasa unampokea mama bila kufukiza?" Vuai aliuliza. Hakuwa anatania.

"Bila kufukiza."

"Na kitambaa?"

"Bila kitambaa."

Aliyasema kwa ujasiri, lakini ukweli alijiona kama anayetoka kumpokea mama yake na kichwa wazi. Sanduku lilikuwa uchi ubavu mmoja, utumbo wake nje, kama Dokta alivyoagiza. Nyumba ilinuka sabuni. Kwenye kona ya kioo uzi ulikuwa wazi, na mabingwa walikuwa wameshaanza kukusanyika. "Keshafika?" mmoja aliuliza. "Bado," wa pili akamjibu, wala hakujua.

Dirisha dogo likafunguka. Ukingo mweusi. Sauti ya Hafidh: "Hapa mama, kwenye taa." Ukingo ukageuka, ukakwama, ukageuka. Shavu. Pua. Mwanamwema alisikiliza mvumo wa feni kuliko alivyotazama kioo. Feni ilivuma taratibu kama mtu aliyelala vizuri. Halafu uso mzima wa Bi Ummukulthum ukawa pale, mdogo kama stempu, macho yakitafuta.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Yuko wapi?"

Hafidh akasema ngoja aikuze picha ienee kioo kizima. Mama yake akamshika mkono.

"Usiikuze! Iache dogodogo hivyo hivyo. Ikiwa kubwa inanikimbia. Hivi yote naipata." Kisha, kwa sauti nyingine: "Zahra! Sogea, bibi. Sogea kwenye taa."

Zahra alisogea. Mtoto huyu ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, ukimlazimisha anakujibu kwa mabega. Alimtazama yule mwanamke mdogo ndani ya dirisha, akatazamwa, akageuka kumwangalia mama yake kama anayeuliza kama ni kweli, akarudi.

"Shikamoo bibi."

Picha ilikuwa inakuja kwa kukwama, hivyo walimwona Bi Ummukulthum hatua kwa hatua: mkono juu ya mdomo, kisha mkono hauko, kisha yuko karibu zaidi, mpaka kipaji cha uso kikajaa kote. Mwenye kafe alisikika akimsihi asiguse kioo.

"Jino lako la mbele liko wapi?" bibi akauliza.

Jino lilikuwa limetoka asubuhi ile, skuli. Hakuna mtu Pemba aliyeambiwa. Hapakuwa na picha iliyopelekwa. Vuai akakaa juu ya mkono wa kochi.

Zahra akafungua mdomo kuonyesha pengo, akageuza shingo huku na huku ili mwanga uingie.

"Hivyo hivyo," alisema Bi Ummukulthum. "Geuza tena. Hivyo. Shingo ya babu yake hiyo, Hafidh, tazama! Geuza tena, mama."

Kwenye kona ya kioo uzi ulikuwa ukipanda. "Vipi?" aliandika Dokta Diski. "Vipi, kaonekana?" Pengwini Mkuu aliandika kwamba mama yake amesimama nyuma ya kiti na anauliza. Watu wa Leeds, wa Winnipeg, wa miji ambayo Mwanamwema hakuijua jina, wote wanauliza. Aliona maneno yao yakipita, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliacha watu wanamuuliza bila kuwajibu.

Muda ukaenda. Feni ikavuma. Jua la Thamesmead likahamia ukuta wa pili. Mwenye kafe alianza kusema kwamba anafunga, na Hafidh akainama kumnong'oneza mama yake habari hiyo.

"Msizime," Bi Ummukulthum akasema, macho hayabanduki. "Bado namtazama."

Hakuna aliyezima.